Je, Wajua? ZZ ni Mzawa wa Kwetu

Mmea ule unaong'aa kwenye mapokezi ya benki na hoteli, ambao wauza miche huuita ZZ, asili yake ni mashariki mwa Afrika: Kenya, Tanzania, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, hadi KwaZulu-Natal. Waholanzi ndio walioanza kuukuza kwa wingi kibiashara mwaka 1996, na sasa tunauziwa mzawa wetu kama pambo la kigeni. Inauma. Waaustralia, walio mbali hivyo, huuita Kito cha Zanzibar.

Je, wajua kwamba kila "tawi" la ZZ ni jani moja? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Shika hilo "tawi" na ulikague kuanzia juu hadi kwenye udongo. Tawi la kweli huwa na vichipukizi mahali jani linapoungana nalo. Hapa hutaona hata kimoja. Ni jani zima, kwa kawaida lenye urefu wa sentimita 40 hadi 60, na vile unavyodhani ni majani ya pembeni, mara nyingi jozi sita hadi nane, ni vipande vyake tu. Shina lenyewe limejificha ardhini, nene na la mviringo kama kiazi.

Bonyeza kikonyo pale kinapotokea kwenye udongo: kimevimba, kigumu, na mara nyingi kina madoa ya kijani kilichokolea. Humo na kwenye shina la chini ndimo maji yanamohifadhiwa. Ndiyo maana ZZ hufa zaidi kwa kumwagiliwa kupita kiasi kuliko kwa kiu.

Je, wajua kwamba ukikosa maji, mmea huu huanza kufyonza hewa ya ukaa usiku pia? Kiu ikizidi, hudondosha vile vipande vya jani, na kila kimoja chaweza kuota kiazi kidogo kisha mizizi. Ukitaka mche mpya, chomeka kipande kimoja kwenye udongo mkavumkavu na uwe na subira ya miezi.

Usiuchanganye na zamia ya Mexico. Zamia ina majani magumu yenye vinyweleo vya kahawia, yanakwaruza, nayo huzaa koni. Jani la ZZ ni laini na linateleza.

Je, wajua kwamba ZZ ina undugu na magimbi? Mimea yote miwili ina fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba kama sindano, zinazowasha mdomo. Hakikisha watoto na paka hawautafuni mmea huu.

Aina ya ZZ iitwayo Raven huchipua kijani kibichi, kisha hugeuka nyeusi. Haijaungua.

Ua la ZZ nalo linafichua ule undugu na magimbi: kijiti kinene cha manjano-kahawia, sentimita 5 hadi 7, kilichokumbatiwa na jani dogo, chini kabisa karibu na udongo. Ukikikuta, usikikate ukidhani ni ugonjwa.