Wakili Aliyeshinda Kesi Kisha Akamwombea Mdaiwa Muda

Miongoni mwa malalamiko yanayofikishwa katika vituo vyetu vya mpakani, deni halikosekani. Mfanyabiashara wa upande huu amemkopesha mwenzake wa upande wa pili magunia ya mahindi, siku ya malipo imepita, simu haipokelewi, na mkopeshaji anatutaka tumkamate mdaiwa. Deni tupu lisilo na udanganyifu ni shauri la madai, na polisi si wakusanya madeni. Lakini kumwambia mtu aende mahakamani, tukaishia hapo, ni jibu pungufu. Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza njia ya usuluhishi, kwa kumtazama wakili mmoja aliyeifanya kuwa kazi yake.

Wakili huyo ni Mohandas Gandhi. Wengi wanamjua kama mpigania uhuru wa India, na baadhi ya wasomaji wetu wameiona sanamu yake huko Jinja, penye chimbuko la Mto Nile, ambako sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka 1948. Isiyojulikana sana ni miaka yake ya uwakili nchini Afrika Kusini. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 23, alisafiri kwa bahari kutoka Bombay, akapitia Lamu, Mombasa na Zanzibar, akashukia Durban kuitumikia kampuni ya mfanyabiashara Dada Abdulla kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Kampuni hiyo ilikuwa ikimdai Tyeb Sheth, mfanyabiashara wa Pretoria, pauni 40,000. Shauri lilikuwa la mahesabu, na kijana huyo hakujua uwekaji wa hesabu; akanunua kitabu, akajifunza. Alipoyaelewa madaftari aliona kwamba upande wake una haki. Aliona pia jambo la pili, ambalo mawakili si wepesi wa kulitangaza: gharama zilikuwa zikipanda kila siku, na hata atakayeshinda asingerudishiwa zote. Tena wadai na mdaiwa walikuwa jamaa, watu wa mji mmoja. Akawasihi wote wawili walitoe shauri mahakamani na kulikabidhi kwa mwamuzi watakayemkubali wenyewe. Walikubali, na Dada Abdulla akashinda.

Wengi wetu tungedhani kazi imekwisha hapo. Tyeb Sheth alitakiwa kulipa takriban pauni 37,000 pamoja na gharama, naye hakuwa na uwezo wa kuzitoa kwa mkupuo. Kulipa pungufu hakutaka. Kutangazwa muflisi, kwa jamii yake, kulikuwa aibu mbaya kuliko kifo. Gandhi alimrudia mteja wake mwenyewe, mshindi, akamwomba akubali malipo ya awamu kwa muda mrefu. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba kupata kibali hicho kulikuwa kugumu kuliko kuwashawishi wakubali mwamuzi. Hatimaye Dada Abdulla aliridhia, na heshima ya wote wawili ikabaki. Katika miaka yake kama ishirini ya uwakili, anaeleza, sehemu kubwa ya muda wake aliitumia kupatanisha mamia ya mashauri nje ya mahakama, wala hakupata hasara.

Tumelirefusha jambo la awamu kwa makusudi. Usuluhishi mwingi tunaoushuhudia hauvunjiki kwa sababu watu walikataa kupatana. Huvunjika kwa sababu mdaiwa, kwa hofu au haya, aliahidi kulipa kiasi asichokiweza. Ahadi ikishindikana, mkopeshaji huenda kukamata ng'ombe wa mwenzake kwa nguvu, na sasa lile lililokuwa deni limekuwa jinai. Afadhali awamu ndogo inayolipika.

Sheria inaiunga mkono njia hii. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 126, inazitaka mahakama zihimize maridhiano baina ya wenye mashauri, na mahakama za mabaraza ya mitaa, chini ya sheria ya mwaka 2006, husikiliza madeni madogo karibu na nyumbani. Mnapopatana, andikeni. Tajeni kiasi na aina ya fedha, iwe shilingi ya Uganda au ya nchi jirani, kwani thamani hubadilika na ugomvi huzaliwa hapo. Tajeni tarehe za kila awamu na jambo litakalofuata awamu moja ikichelewa. Wekeni mashahidi wa pande zote mbili za mpaka. Anayetia saini kwa kutishwa hajapatana.

Yako mambo ambayo hayana usuluhishi wa nyumbani, nasi hatutalegeza kauli. Kunajisi mtoto, ubakaji, mauaji na unyang'anyi ni makosa dhidi ya jamii nzima. Mbuzi au fedha alizopokea baba wa mtoto haziifuti kesi, na anayeipatanisha kwa siri huenda akajikuta naye anahojiwa. Mambo hayo yaletwe kituoni siku hiyohiyo.

Kwa mengine yote, maofisa wetu wa uhusiano na jamii watawasikiliza na kuwaelekeza bila malipo. Njooni pande zote mbili pamoja, na mje na daftari la hesabu.