Haba ya Mwisho: Kwa Nini Kukusanya Mazao katika Mchezo wa Shamba Ni Kazi Ngumu

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakukosea. Lakini wahenga hao hawakuwahi kucheza mchezo wa shamba kwenye tarakilishi. Laiti wangalicheza, huenda wangaliongeza kipande kidogo hapo mwishoni: haba na haba hujaza kibaba, ila haba ya mwisho ndiyo yenye kazi.

Kila shule inapofunguliwa, utawasikia wenzetu wakilalamika bwenini. "Mimi nimebakisha kitu kimoja tu!" Huyu kabakisha boga, yule kabakisha samaki, na mwingine anatafuta kabeji nyekundu tangu likizo ya Aprili. Wote ni wachapa kazi. Usiku walikesha, na simu za wazazi wao ziliishiwa na chaji. Mbona basi hawakumaliza? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo. Aidha, yataonyesha kwamba kinachomshinda mchezaji ndicho hicho hicho kinachomtoa jasho mkulima wa Molo, Njoro na Gilgil.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Michezo ya shamba iko mingi. Harvest Moon ilitoka Japani mwaka wa 1996, na FarmVille ilivuma kwenye Facebook kuanzia mwaka wa 2009. Nitautumia ule uitwao Stardew Valley kama mfano. Uliundwa na Mmarekani Eric Barone, ambaye alifanya kazi hiyo peke yake kwa zaidi ya miaka minne, ukatoka Februari 2016. Mchezaji hurithi shamba la babu yake, limejaa magugu na mawe. Kijijini kuna ukumbi wa zamani uliobomoka. Ili ukumbi huo urekebishwe, ni sharti mchezaji apeleke mafungu ya vitu: mazao, samaki, madini, maziwa, mayai na kadhalika. Katika mpangilio wa kawaida ukumbi una vyumba sita na mafungu 30. Fungu likikosa kitu kimoja halihesabiwi. Hapo ndipo penye kizungumkuti.

Sababu ya kwanza ni msimu. Mwaka wa mchezo una misimu minne, nami nitaiita machipuko, kiangazi, mapukutiko na baridi. Kila msimu una siku 28 tu. Boga ni zao la mapukutiko na huchukua siku 13 kukomaa. Piga hesabu: ukilipanda tarehe 15 utalivuna tarehe 28, siku ya mwisho. Ukilipanda tarehe 16 bila mbolea ya kuharakisha, umekwisha! Kukicha msimu mwingine utalikuta limekauka. Siku moja ya mchezo huchukua takriban dakika 14 za saa yetu, kwa hivyo mwaka mzima wa siku 112 ni kama saa 26 za kucheza. Kuchelewa siku moja kunakugharimu saa hizo zote kabla msimu haujarudi.

Hapa Nakuru jambo hili si geni. Mahindi ya nyanda za juu huchukua miezi sita hadi minane shambani. Mkulima asiyepanda mvua ya masika inapoanza, mwezi wa Machi au Aprili, hawezi kufidia Juni kwa kutia bidii maradufu. Bidii ni nzuri, lakini haiwezi kuurudisha mwezi wa Machi.

Sababu ya pili ni kwamba kitu kimoja huwa kinaitwa na watu wawili. Mwanzoni mchezaji ni maskini hohehahe. Anavuna viazi vyake vya kwanza, na papo hapo duka linamwita: uza, ununue mbegu zaidi. Ukumbi nao unamwita: leta, fungu la machipuko linangoja. Mchezaji mwenye pupa huuza vyote, kisha msimu ukiisha anakumbuka kwamba kiazi kimoja tu ndicho kilichotakiwa. Si mnaona? Kilichomponza si uhaba wa viazi. Alikuwa navyo gunia zima! Lililokosekana ni kutenga kimoja kando kabla ya kwenda sokoni. Ndivyo anavyobanwa mkulima wa viazi wa Mau Narok: vile vizuri vyenye bei anaviuza ili alipe karo, na vile vidogo vilivyobaki ndivyo anavyovifanya mbegu. Ikiwa vidogo hivyo vimebeba ugonjwa, basi ameupanda ugonjwa huo msimu unaofuata.

Sababu ya tatu ni mnyororo. Kuna vitu ambavyo huwezi kuviendea moja kwa moja. Fungu la mpishi, kwa mfano, linadai uyoga wa thamani unaochimbuliwa na nguruwe. Unasema, haya, nitanunua nguruwe. Ngoja kwanza! Nguruwe hanunuliwi mpaka uwe na zizi. Zizi lenyewe ni lazima lipanuliwe mara mbili, na kila mara linataka mbao, mawe na pesa. Ukishampata nguruwe ni sharti umlee mpaka akue. Akikua wakati wa baridi, basi kaa ungoje, maanake wakati huo hachimbui kitu. Uyoga mmoja, hatua tano! Anayeanza kuufikiria wiki ile anayouhitaji amekwisha kuchelewa kwa msimu mzima. Mti wa komamanga ni vivyo hivyo. Huchukua siku 28 kukomaa, na huzaa wakati wa mapukutiko. Kwa hivyo anayetaka komamanga mwaka huo ni lazima aupande kabla ya mapukutiko kuingia, wakati ambapo wenzake bado wanafikiria tikiti.

Sababu ya nne ni bahati, na hapa ninawaomba walimu wa Hisabati wanisikilize. Tuseme kuna vitu vya aina sita, na kila ukichimba unapata kimoja, aina yoyote kwa uwezekano sawa. Ni mara ngapi utachimba ndipo uzipate aina zote sita? Wengi watajibu sita, au labda nane. Wapi! Cha kwanza ni bure, maana chochote utakachopata ni kipya. Cha pili kitahitaji wastani wa mara 1.2, cha tatu 1.5, cha nne 2, cha tano 3, na cha sita peke yake mara 6. Jumlisha: 14.7. Yaani ukishapata vitano umefikia 8.7, na kile kimoja kilichobaki kinakula karibu theluthi mbili ya kazi yote uliyokwisha kuifanya! Jumba la makumbusho katika mchezo huu linataka vitu 95, tena si vyote vyenye uwezekano sawa. Kwa hivyo yule anayelia kwamba kabakisha kimoja tu asidhani amerogwa. Hesabu ndivyo ilivyo.

Bahati huwa ngumu zaidi inapofungamana na masharti. Kambare wa mtoni hutokea msimu wa machipuko au mapukutiko, tena mvua ikinyesha. Uko mtoni lakini jua linawaka? Rudi nyumbani. Mvua inanyesha lakini ni kiangazi? Mto huo hautakupa kambare. Nayo mbegu ya kabeji nyekundu haiuzwi dukani mpaka mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza, tegemeo kubwa ni mchuuzi wa mkokoteni, ambaye huja Ijumaa na Jumapili na bidhaa asizozichagua mnunuzi. Tena mkokoteni ukiileta mbegu nawe mfukoni huna kitu, utaitazama ikienda zake.

Sababu ya tano ni ubora. Liko fungu linalodai mazao yenye nyota ya dhahabu, matano ya kila aina, kwa aina tatu. Unaweza kuvuna mia na usipate matano, hasa kama hukutia mbolea na ujuzi wako wa kilimo bado ni mchanga. Wazee wetu waliopanda pareto wanaijua hadithi hii vizuri. Ua la pareto huchumwa likiwa limefunguka vya kutosha. Likichumwa changa, dawa yake ya kuua wadudu inakuwa haba. Bodi ya Pareto, iliyokuwa na makao yake hapa Nakuru, iliwalipa wakulima kwa kuangalia kiasi cha dawa iliyomo ndani ya maua. Kikapu kilichojaa maua machanga kiliwavunja watu mgongo bila kuwajaza mfuko.

Sasa tazameni kichekesho. Ukikamilisha mafungu ya chumba cha mazao, unatuzwa nyumba ya vioo ya kukuzia mimea, mithili ya zile nyumba za maua tunazoziona Naivasha. Humo unapanda chochote msimu wowote. Kwa maneno mengine, mchezo unakupa silaha ya kuushinda msimu baada ya wewe kuushinda msimu bila silaha!

Je, wanaofaulu hufanya nini? Siri yao ni kuhesabu kinyumenyume. Hawaulizi, "Leo nipande nini?" Wanauliza, "Ni kitu gani kitakachochelewa kuliko vyote, na ni lini nianze ili kisinipite?" Kila msimu unapoanza wanaandika orodha ya vitu visivyopatikana msimu mwingine, na hivyo ndivyo wanavyovishughulikia kwanza. Kila zao jipya likivunwa, moja huwekwa sandukuni kabla hawajauza chochote. Vinavyopatikana mwaka mzima vinaachwa mwisho. Ipo pia njia ya mkato. Mchezaji anaweza kujiunga na kampuni ya Joja na kulipa pesa badala ya kukusanya. Kijiji kitarekebishiwa mambo yake, lakini ule ukumbi unageuzwa ghala la kampuni.

Huenda msomaji akauliza, "Haya yote yanatuhusu nini sisi, nao ni mchezo tu?" Yanatuhusu. Katika kaunti yetu, mjini Gilgil, kuna shirika liitwalo Seed Savers Network, lililoanzishwa mwaka wa 2009. Kazi yake ni kushirikiana na wakulima wadogo kukusanya na kuhifadhi mbegu za kienyeji, na kuwasaidia kuanzisha benki za mbegu vijijini. Hebu ulinganishe kazi yao na yale tuliyoyasema. Mbegu za managu, terere, mitoo, kunde na malenge zina msimu wake. Zinaitwa na watu wawili, yaani chungu na ghala. Zinategemea mvua. Zinadai ubora, kwa kuwa mbegu iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huota ukungu, na kunde isiyotiwa jivu au dawa huliwa na fukusi.

Tena kuna tofauti moja kubwa ambayo inapasa kututia wasiwasi. Katika mchezo, kiazi ulichokiweka sandukuni hakiozi hata ukikaa miaka kumi. Boga likikupita mwaka huu, mwaka ujao litakuja. Mbegu ya kweli hufa. Uwezo wake wa kuota hupungua mwaka baada ya mwaka, kwa hivyo ni lazima ipandwe na kuvunwa upya. Ikiwa nyanya yako ndiye wa mwisho kijijini kupanda aina fulani ya maharagwe, naye akazeeka asipande tena, hakuna mkokoteni wa Ijumaa utakaoirudisha. Sisemi mbegu za dukani ni mbaya, kwa maana mahindi ya mahuluti yamewalisha wengi. Lakini hizo hununuliwa upya kila msimu, na duka halitakuuzia yale maharagwe ya nyanya.

Kwa hivyo basi, ninatoa pendekezo kwa Chama chetu cha Kiswahili na kwa wenzetu wa Chama cha Wakulima Chipukizi. Likizo ya mwisho wa mwaka huja wakati nyumba nyingi zimemaliza kuvuna na mbegu bado hazijaliwa wala kuuzwa. Huo ndio msimu wetu, nao una siku chache. Kila mwanachama amwendee nyanya, babu au jirani, aombe konzi moja ya mbegu ya kienyeji na aikaushe kivulini. Kisha aandike kwenye karatasi jina lake kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, mahali ilikotoka, na mwezi wa kuipanda. Tukifungua shule Januari tuziweke pamoja, na masika yakianza tuzipande nyuma ya maabara. Majina yenyewe yatakuwa hazina kwa lugha yetu, kwani aina nyingi hazimo katika kamusi yoyote.

Tusianze na zile zilizo nyingi. Tuanze na ile ambayo ni mzee mmoja tu aliye nayo. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika jambo la mbegu walikuwa wakisema kweli tupu.