Moyo wa Shabiki Timu Inaposhindwa
Tarehe 17 Desemba 2017, mjini Machakos, Zanzibar Heroes ilitoka sare ya 2–2 na Kenya katika fainali ya Kombe la Chalenji, kisha ikashindwa kwa mikwaju ya penalti. Kombe hilo Zanzibar imelitwaa mara moja tu, mwaka 1995. Ndiyo maana kwa mashabiki wanaobarizi Forodhani kila pigo la aina hii huwa kama msiba wa nyumbani.

Machungu hayo hayaishii mdomoni. Mtu anapohamaki, mwili hutoa homoni ya adrenalini: moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda na mishipa hubana. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyokwisha kuziba kiasi, hali hiyo yaweza kuleta shambulio la moyo. Nchini Uingereza, waliolazwa kwa shambulio hilo waliongezeka kwa asilimia 25 siku timu yao ilipotolewa na Argentina kwa penalti, tarehe 30 Juni 1998, na siku mbili zilizofuata.

Mgonjwa wa shinikizo la damu asiache dawa zake kwa ajili ya mechi, na aepuke sigara. Maumivu ya kifua, kijasho chembamba na kukosa pumzi havingoji kipenga cha mwisho; anayevipata apelekwe hospitali mara moja. Mhudumu naye asimcheke anayesema, “Timu imenitia maradhi.” Ampime.