Mmea wa Chunguni Usio na Jina
Namna ya kuutambua, kuutunza na kujilinda nao

Katika nyumba nyingi za mjini hukosi kuona chungu kimoja cha maua ambacho mwenye nyumba hajui jina la mmea uliomo. Pengine alikikuta barazani siku alipohamia, kimeachwa na mpangaji aliyemtangulia. Pengine alipewa na jirani, naye jirani alipewa na mwingine. Mmea huo haukunyweshwa maji mwezi mzima, umewekwa pembeni pasipo jua, nao bado wang'aa kama uliopakwa mafuta. Mwenye nyumba huusifu kwa ugumu wake, akauacha pale pale.

Lakini haitoshi kujua kwamba mmea haufi. Mtu mwenye watoto wadogo, au mwenye paka na mbwa, yampasa kujua ni mmea gani anaoufuga nyumbani mwake, maana iko mimea ya mapambo yenye utomvu wa hatari. Basi leo twataka kueleza habari za mmea mmoja ambao watu wengi wanao na wachache waujuao kwa jina, ingawa asili yake ni hapa hapa kwetu.

Alama za kuutambua

Kwanza, tazama jinsi unavyotoka udongoni. Hauna shina lionekanalo. Hutoa makuti yanayosimama wima toka katika udongo wenyewe. Twayaita makuti, wala si matawi, kwa sababu hii: kama vile kuti la mnazi lilivyo jani moja lenye upongoo katikati na majani membamba huku na huku, ndivyo na kila fimbo ya mmea huu ilivyo jani moja. Kwa kawaida kuti lina urefu wa sentimita 40 hadi 60, nalo huwa na jozi 6 hadi 8 za majani madogo. Kila jani dogo lina urefu wa sentimita 7 hadi 15, na ncha yake imechongoka.

Pili, shika jani dogo kwa vidole. Ni nene na laini, nalo lang'aa kama nta. Wageni wengi hudhani ni la plastiki mpaka waliguse.

Tatu, tazama chini ya kuti, pale linapoingia udongoni. Pamevimba kuliko sehemu za juu, tena ukipabonyeza wasikia kwamba pamejaa maji.

Nne, fukua udongo kidogo kando ya chungu. Ukikuta kitu kinene kama kiazi, chenye rangi ya kahawia, na mizizi minene inayotoka humo, umekaribia kuwa na hakika.

Tano, ikiwa una bahati utaliona ua lake. Huchanua mara chache, tena chini karibu na udongo, hata mtu aweza kulipita asilione. Ni kama kigunzi kidogo cha muhindi, chenye urefu wa sentimita 5 hadi 7, rangi yake ya manjano au ya kahawia, na upande mmoja kimekingwa na jani la kijani. Mtu aliyepata kuona ua la gimbi atasema mara moja kwamba hawa ni ndugu, naye hakukosea.

Mimea isiyo huu

Usiuchanganye na mimea mingine. Uko mmea wa kale sana wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, uitwao na wataalamu Encephalartos hildebrandtii. Nao una makuti marefu, lakini ni makavu na magumu, majani yake yana miiba, na ukikua huwa na shina nene kama gogo. Huo si mmea wetu, na mbegu zake zina sumu.

Liko pia waridi la jangwani, ambalo lina shina lililovimba kama mtungi na maua mazuri ya rangi ya waridi. Utomvu wake ni sumu kali. Katika sehemu mbalimbali za Afrika wawindaji waliutumia kupaka mishale. Na iko mimea ya jamii ya mnyaa, ambayo ukiivunja hutoa maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni huleta maumivu makali, na yaweza kuharibu macho. Basi shika kanuni hii: mmea usioujua ukitoa maziwa meupe, nawa mikono kwa sabuni, usijiguse usoni, wala usiuweke mahali watoto wafikapo.

Jina lake na asili yake

Ikiwa alama zote tano zimepatana, mmea wako ni Zamioculcas zamiifolia. Jina hili ni refu, kwa hiyo wauza maua wengi huuita kwa herufi mbili tu, ZZ. Lakini jina hilo refu lina maana yake. Sehemu ya kwanza yatokana na Zamia, mmea wa Amerika wenye makuti yanayofanana nayo. Sehemu ya pili yatokana na neno la Kiarabu, kulkasi, ambalo ni jina la gimbi. Ni kama kusema, gimbi lenye makuti ya Zamia. Na kweli mmea huu ni wa jamii moja na magimbi, ingawa katika jenasi yake u peke yake, hauna mwenzake.

Huko Uingereza ulitangazwa mwaka 1829 na kitalu cha Loddiges, kilichokuwa Hackney, London, kwa jina la Caladium zamiifolium. Mwaka 1856 mtaalamu Schott wa Austria aliutenga na jamaa zake akaupa jenasi yake mwenyewe, na mwaka 1905 Engler, Mjerumani, alilithibitisha jina litumikalo hata leo. Hata hivyo kwa miaka mingi ulijulikana katika bustani za wataalamu tu. Karibu na mwaka 1996 wakulima wa maua wa Uholanzi walianza kuuzidisha kwa biashara, ukaenea katika ofisi, mahoteli na nyumba za dunia nzima.

Asili yake je? Ni mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya, kupita Tanzania na Zanzibar, Msumbiji, Malawi na Zimbabwe, mpaka mashariki ya Afrika Kusini. Humea kivulini katika misitu na vichaka, na penye majabali. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anunuapo mmea huu dukani kwa bei kubwa, akidhani umetoka Ulaya, huenda ananunua mjukuu wa mmea uliotoka katika misitu ya kwao.

Kwa nini haufi upesi

Ugumu wake una sababu. Huko porini huishi kwa mvua za msimu, na baada ya mvua hufuata miezi ya ukavu. Ndiyo maana umejiwekea akiba ya maji mahali pawili: katika kile kiazi cha chini, na katika sehemu nene za makuti. Ukavu ukizidi, hupukutisha majani yake madogo mpaka mtu adhani umekufa. Lakini kiazi ki hai, na mvua inyeshapo huchipuka tena.

Iko na njia nyingine. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani yake mchana, na maji hupotea kwa joto la jua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mmea huu, hasa ukipatwa na kiu, waweza kuvuta hewa iupasayo usiku, wakati wa ubaridi. Hivyo hupoteza maji machache. Mtu aliyezoea kuona mimea ikinyauka adhuhuri atafahamu faida ya jambo hilo.

Namna ya kuutunza

Mmea huu huuawa na wema kuliko uzembe. Wengi wanaoupoteza si kwa kuusahau, bali kwa kuumwagia maji kila asubuhi kama mchicha. Shika mambo haya:

Chungu. Kiwe na tundu chini. Chungu cha udongo wa kufinyanga chafaa zaidi, kwa kuwa hupitisha hewa. Kopo au debe kuukuu laweza kutumika, mradi litobolewe. Kisiwe kikubwa mno, maana udongo mwingi hushika maji mengi. Kiazi kikinenepa sana huweza kupasua chungu cha plastiki. Hiyo ndiyo dalili ya kuhamishia katika chungu kikubwa kidogo.

Udongo. Changanya mafungu mawili ya udongo mzuri, fungu moja la mchanga wa chengachenga, na fungu moja la samadi iliyooza sawasawa. Udongo wa mfinyanzi peke yake haufai. Wala mchanga wa ufukoni usitumike, kwa sababu ya chumvi yake.

Maji. Ingiza kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Ukisikia unyevu, ngoja. Ukiwa mkavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yote yaliyobaki katika kisahani. Mahali pengi itatosha kila baada ya wiki mbili au tatu. Wakati wa baridi hata zaidi ya hapo.

Mwanga. Weka karibu na dirisha au chini ya paa la baraza, penye mwanga lakini pasipo jua kali la mchana, ambalo huunguza majani. Gizani utaishi, lakini utakua polepole, na makuti yatarefuka na kulegea.

Baridi. Haupendi baridi. Watu wa pwani hawana shida. Lakini wakaao mahali pa juu, kama Limuru, wauingize ndani mwezi wa Juni mpaka Agosti.

Ukiona makuti mengi yamekuwa ya manjano kwa pamoja, na chini yamelainika au yananuka, jua kwamba umezidisha maji. Ung'oe, kata sehemu zote zilizooza kwa kisu safi, acha kiazi kikauke kivulini siku mbili, kisha panda tena katika udongo mkavu. Ngoja wiki moja kabla ya kutia maji.

Kuuzidisha kwa jani moja

Hapa pana ajabu ya mmea huu. Si lazima kuwa na mbegu wala kiazi. Chukua jani dogo moja, lenye afya, pamoja na kikonyo chake. Liache siku moja mpaka kidonda kikauke. Kisha lichomeke katika mchanga wenye unyevu kidogo, kwa kina cha sentimita 1 au 2, uliweke kivulini. Baada ya miezi miwili au mitatu utakuta chini yake kijiazi kama harage na mizizi myembamba. Kuti la kwanza huchelewa. Huenda likachukua miezi sita, au mwaka mzima. Usilichimbue kila wiki kulitazama. Afanyaye haraka na auchimbue mmea mkubwa, ayatenge makuti yenye viazi vyao, na kuyapanda mbalimbali.

Kwa ajili hiyo hapana sababu ya kwenda msituni na jembe. Misitu ya pwani imepungua sana, na mmea uliong'olewa kwa kiazi chake haurudi tena. Jani moja la jirani latosha kukupa mmea; na majani kumi yatatosha kuanzisha biashara ndogo ya miche.

Madhara yake

Tumesema kwamba ni ndugu wa magimbi. Kila mpishi ajua kwamba gimbi lisiloiva vizuri huwasha mdomo na koo. Sababu ni vipande vidogo mno vya chumvi ya kalisi, vyenye ncha kama sindano, vilivyomo ndani yake. Mmea wetu nao unavyo vipande hivyo. Kuugusa majani hakudhuru mtu kwa kawaida, lakini mtoto akitafuna jani atawashwa na kuungua mdomoni, na midomo yaweza kuvimba. Mtu asidanganywe na udugu huo akapika kiazi chake. Gimbi ni chakula, huu si chakula.

Mtoto akiutafuna, mtoe mabaki mdomoni, mwoshe kwa maji safi, mpe maji au maziwa anywe kidogo kidogo. Usimtapishe. Akivimba koo, au akishindwa kumeza au kupumua, apelekwe hospitali mara moja, nawe chukua jani la mmea umwonyeshe daktari. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi. Ukatapo au upandapo, nawa mikono baadaye.

Vilevile pamekuwapo uvumi kwamba mmea huu huleta saratani kwa kukaa chumbani. Habari hiyo haina ushahidi. Anayeuweka juu ya kabati, mbali na watoto, hana la kuogopa.

Neno la mwisho

Ukisha kuutambua mmea wako, chukua kijiti bapa au kipande cha bati, uandike jina lake na maneno haya: “Maji kila wiki tatu. Usiliwe.” Kichomeke chunguni. Mmea huu huishi miaka mingi, na huenda siku moja utahama ukauacha barazani. Atakayekuja baada yako atakuwa na watoto wake, naye hatahitaji kuuliza.