Almasi za Mwanga wa Mshumaa

Watu wengi hudhani kwamba almasi hutoka ardhini ikimeremeta. Sivyo. Almasi mbichi hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga wa pwani, na mtu asiyeijua aweza kuipita asiigeukie. Mmeremeto wake huletwa na mkono wa fundi aichongaye, na kila zama imekuwa na namna yake ya kuchonga. Hapa nataka kueleza habari za mkato mmoja ambao Waingereza huuita mkato wa mgodi wa kale. Ndio uliotiwa katika pete nyingi za karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa.

Jina hilo lilikuja baadaye. Zamani almasi zilitoka Bara Hindi, kisha, tangu miaka ya 1720 na kitu, zikatoka Brazil pia. Mwaka wa 1867 almasi ilionekana karibu na Hopetown, Afrika ya Kusini, na miaka michache baadaye machimbo ya Kimberley yakaanza kutoa mawe kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Ndipo wafanya biashara walipoyaita mawe ya kwanza mawe ya mgodi wa kale, na jina likahamia kwenye mkato wenyewe.

Sasa tutazame jinsi jiwe lilivyochongwa. Almasi mbichi iliyo nzuri mara nyingi huwa na umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako. Tena wakati ule hakuna kilichoweza kuchonga almasi ila almasi mwenzake. Kwa hiyo fundi alishika almasi mbili, kila moja imegandishwa kwenye ncha ya kijiti, akazisugua moja kwa nyingine mpaka pembe zikapungua. Kisha alizinoa juu ya gurudumu la chuma lililopakwa mafuta yaliyochanganywa na unga wa almasi. Kipimo chake kilikuwa jicho lake. Wala hakutaka kupoteza kitu, maana jiwe liliuzwa kwa uzito. Basi alilifuata umbo alilolikuta, na jiwe likawa la mraba wenye pembe za mviringo, mfano wa mto wa kulalia. Lilikuwa na nyuso 58: juu 33, chini 25. Uso wa juu kabisa, uitwao meza, ni mdogo. Taji lake limeinuka. Tumbo lake lina kina. Na ncha ya chini imekatwa, hata ukichungulia kutoka juu waona kijiduara katikati kama tundu.

Wapenda vipimo husema kijiduara hicho ni kosa. Mimi naona tusihukumu kabla ya kuzima taa. Mawe haya yalivaliwa usiku, katika vyumba vyenye mishumaa na taa za mafuta. Nyuso zake ni pana, basi hayatoi vimeta vingi vidogo vidogo, bali miali mikubwa michache, mara mwekundu, mara wa kijani, mara wa samawati, ikija na kuondoka kadiri mkono unavyosogea. Chini ya taa kali za dukani jiwe lile lile huonekana limepoa, na wengi walilidharau kwa sababu hiyo.

Mabadiliko yaliletwa na mashine. Katika miaka ya 1870 karakana ya Henry Morse, huko Boston, Marekani, ilianza kuzungusha almasi kwa nguvu za mvuke, na duara kamili likawa jambo rahisi. Mwaka wa 1919 Marcel Tolkowsky, kijana wa ukoo wa wachonga almasi wa Antwerp, akatoa kitabu chenye hesabu za pembe zifaazo. Mkato wa mviringo ukatawala, ingawa hula jiwe sana. Almasi ya rangi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Tanganyika, mwaka wa 1947 ilikuwa na karati 54.5, ilipokwisha kuchongwa mviringo zilibaki 23.6.

Pete nyingi za kale zilivunjwa, mawe yakachongwa upya, na jiwe lililokwisha kupunguzwa halirudi. Mfano mkubwa ni Koh-i-Noor, ingawa mkato wake wa kwanza ulikuwa wa Kihindi. Waingereza waliichukua baada ya kuiteka Punjab mwaka wa 1849. Mwaka wa 1851 watu walijazana kuitazama katika Maonyesho Makuu ya London, wakaondoka wakinung'unika kwamba haimeremeti. Mwaka uliofuata ikachongwa upya. Kutoka karati 191 kwa kipimo cha sasa, ikabaki 105.6, nayo kazi ya mafundi wa kwanza ikaenda na unga. Nadhani ingetosha kuwapa watazamaji wale mshumaa.

Siku hizi mkato wa kale unapendwa tena, hata wapo wachongaji wanaouiga katika almasi mpya. Mawe yao yako sawasawa mno. Ukiyaweka mawili pamoja huwezi kuyabagua. Ya kale sivyo. Hata katika herini za jozi moja, moja itakuwa nene kidogo kuliko mwenziwe, na kijiduara chake kitakuwa kimekwenda upande.