Jina "Mughanga" la Singida: Asili Yake, Maana Yake na Kiasi cha Kuenea Kwake

Kuandika jina la mtu huonekana kuwa kazi ndogo kuliko zote zinazomfikia mfasiri, mwalimu na mtumishi wa Serikali. Jina halifasiriwi, hunukuliwa tu. Lakini yafaa ieleweke kwamba jina likinukuliwa vibaya, mwenye jina ndiye anayelipa gharama, na pengine hulipa baada ya miaka thelathini.

Tuseme kwamba katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, yupo mzee aitwaye Mughanga, naye ana watoto watatu. Wa kwanza aliandikishwa shuleni kwa ubini wa Mughanga. Wa pili alipata mwalimu mgeni, akaandikwa Mganga. Wa tatu alibatizwa, na katika cheti chake cha ubatizo likaandikwa Muganga. Watoto hao walisoma, wakaajiriwa, wakapata vitambulisho, na hakuna aliyejali. Siku mzee alipofariki dunia, watatu hao walipokwenda mahakamani kwa ajili ya mirathi, walitakiwa kwanza kuthibitisha kwamba Mughanga, Mganga na Muganga ni mtu mmoja, na kwamba wao ni ndugu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna afisa aliyefanya kazi Singida ambaye utamshangaza. Makala hii inakusudia kueleza jina hilo limetoka wapi, lina maana gani, na kwa nini majina ya namna hii huonekana kuwa adimu kuliko yalivyo.

Asili ya neno

Wenyeji wa sehemu kubwa ya Singida ya kati hujulikana kwa Kiswahili kama Wanyaturu. Wenyewe hujiita Arimi, na lugha yao huiita Kirimi. Ni lugha ya Kibantu kama vile Kiswahili, na kwa hiyo maneno mengi ya lugha hizi mbili ni ndugu wa damu. "Mughanga" wa Kirimi ni "mganga" wa Kiswahili. Shina lake, -ganga, ni miongoni mwa mashina ya kale yaliyoenea karibu katika nchi zote za Wabantu: Wakongo husema "nganga", Washona wa Zimbabwe husema "n'anga", na Wanyarwanda husema "umuganga", neno ambalo leo hutumika hata kwa daktari wa hospitali.

Tofauti kati ya "mughanga" na "mganga" ziko mbili, na zote mbili zina kanuni.

Kwanza ni konsonanti. Palipo na g katika maneno mengi ya Kiswahili, Kirimi kina gh. Tutamkapo g, hewa huzuiwa kabisa kwenye kaakaa laini, kisha huachiwa ghafla. Tutamkapo gh, hewa haizuiwi kabisa, bali hupita kwa kukwaruza. Mabadiliko hayo hayakutokea Singida peke yake. Wadawida wa Milima ya Taita, nchini Kenya, nao wanayo, na jina lenyewe wanalo: Mwandawiro Mghanga alikuwa Mbunge wa Wundanyi kuanzia mwaka 2002 hadi 2007.

Pili ni kiambishi awali. Kiswahili kimeidondosha irabu ya mu- mbele ya konsonanti nyingi, ndiyo maana twasema mtu, mke na mganga. Kirimi kimeihifadhi. Kwa hiyo, u iliyomo katika "Mughanga" si kosa la mtu asiyejua Kiswahili sanifu, bali ni sehemu halali ya neno katika lugha yake.

Maana ya neno na sababu ya jina

Hapa pana tahadhari kwa mfasiri. Kujua maana ya neno si kujua sababu ya jina. Mtu anayeitwa Mughanga si lazima awe ametoka katika nyumba ya waganga. Mtoto aweza kupewa jina la babu yake aliyekuwa mganga. Aweza kupewa jina la mganga aliyemsaidia mama wakati wa uzazi mgumu. Tena aweza kurithi jina la jamaa ambaye hakuwahi kushika hata mkoba wa dawa. Habari hiyo haimo katika kamusi. Imo kwa wazee wa nyumba husika, na anayeitaka hana budi kuwauliza.

Jambo hili si la Singida tu. Waigbo wa Nigeria wana siku nne za soko, yaani Eke, Orie, Afo na Nkwo, na desturi yao ilikuwa kumpa mtoto jina la siku aliyozaliwa. Nwankwo ni mwana wa siku ya Nkwo. Okafor ni mwanamume wa siku ya Afo. Majina hayo yalipogandishwa kuwa majina ya familia, yalianza kurithiwa na watoto waliozaliwa siku yoyote. Leo Nwankwo aliyezaliwa siku ya Eke si ajabu. Neno lina maana ile ile, lakini jina limeacha kueleza habari ya mwenye jina.

Jina limeenea kwa kiasi gani?

Msomaji aweza kuuliza: je, Mughanga ni jina la watu wengi au wachache? Jibu lahitaji uangalifu, kwa sababu katika desturi ya majina ya Singida, jina la mwisho la mtu kwa kawaida si jina la ukoo. Aghalabu ni jina la baba au la babu.

Tuchukue mfano. Mughanga alimzaa Juma, naye akaandikwa Juma Mughanga. Juma akamzaa Hamisi, akaandikwa Hamisi Juma Mughanga. Hamisi akamzaa Ali, na fomu ina nafasi tatu tu. Akaandikwa Ali Hamisi Juma. Katika kizazi cha tatu baada ya Mughanga, jina limetoweka daftarini, ingawa damu ipo na shamba lipo. Kinyume chake, iwapo Hamisi alipoajiriwa aliamua kuliganda jina la babu, basi watoto wake wote wataitwa Mughanga, na binamu zao watabaki na jina jingine.

Hata ndugu wa tumbo moja waweza kutofautiana. Katika Bunge la mwaka 2010 hadi 2015 walikuwamo ndugu wawili kutoka Singida: Tundu Antiphas Mughwai Lissu na dada yake, Christina Lissu Mughwai. Majina ya nyumba ni yale yale mawili, lakini mmoja huishia kwa Lissu na mwingine kwa Mughwai. Mkutubi anayepanga orodha kwa jina la mwisho atawaweka mbali, na mtafiti asiyejua desturi atahesabu familia mbili.

Hali si hivyo kila mahali nchini. Miongoni mwa Wachaga, majina kama Massawe, Mushi na Lyimo ni majina ya koo hasa, nayo hurithiwa na vizazi vingi. Miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe, majina yenye Mwa- mwanzoni nayo yamekuwa ya kurithiwa. Kwa hiyo, idadi kubwa ya akina Massawe yatueleza jambo fulani juu ya ukubwa wa ukoo. Idadi ndogo ya akina Mughanga haituelezi hivyo.

Wala sensa haitatui suala hili. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058 katika Mkoa wa Singida. Hiyo ni hesabu ya watu, si ya majina; na tangu sensa ya mwaka 1967, wananchi hawajaulizwa kabila. Kwa hiyo, tunapoona jina la Singida mara chache katika orodha ya kitaifa, tusiharakishe kusema kwamba ni adimu. Huenda limegawanyika katika tahajia tatu, na kila tahajia ikaonekana kuwa jina la watu wachache. Tena huenda lilikuwa jina la mtu, nalo limekamilisha safari yake ya vizazi viwili kama desturi ilivyokusudia.

Ukoo uko wapi, basi?

Ukoo haukukosekana; umewekwa mahali pengine. Wanyaturu hutaja watu wa ukoo au wa nchi fulani kwa kutanguliza Anya-, na nchi yao kwa kutanguliza Unya-. Msafiri anayepita katika Manispaa ya Singida atakuta kata za Unyambwa, Unyamikumbi na Unyianga. Huo u- ni wa nchi, na nya- huonyesha kuhusika, kama tuonavyo katika Unyanyembe ya Tabora. Mtu aweza kuwa na ukoo anaoujua vizuri, anaoutaja katika posa na katika mazishi, na ukoo huo usionekane hata mara moja katika hati zake za Serikali.

Zaidi ya hayo, Singida ni mkoa wa lugha nyingi. Wanyiramba hujiita Anilamba, kwa l, ilhali Kiswahili huandika Iramba kwa r. Wabarbaig, ambao lugha yao si ya Kibantu, wana majina ya wanaume yaanzayo na Gida- na ya wanawake yaanzayo na Uda-. Binti wa Kibarbaig anapoandikwa kwa jina la baba yake lenye Gida-, msomaji anayeijua lugha hiyo huona jina la mwanamume. Hapo hakuna kosa la tahajia. Kilichopo ni fomu iliyoshonwa kwa kipimo cha watu wengine.

Suala la istilahi

Fomu nyingi huomba "jina la ukoo" mahali ambapo Kiingereza huomba jina la mwisho la familia. Kwa Mchaga istilahi hiyo yafaa. Kwa Mnyaturu inapotosha, kwani akijibu kwa ukweli atataja ukoo wake, naye karani atamkatalia; na akitaja jina la babu yake, atakuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Kiswahili kina neno "ubini", lililojengwa kwa "bin", yaani mwana wa. Neno hili huonyesha uhusiano wa mtu na mzazi wake bila kudai habari ya ukoo. Kwa maoni yetu, lafaa kutumika kwa jina lolote la baba au babu linaloandikwa baada ya jina la mtu mwenyewe, na "jina la ukoo" libaki kwa ukoo hasa. Huenda wako watakaosema kwamba "bin" ni mwana wa kiume, na kwa hiyo neno halimfai mwanamke. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini maneno mengi yamekwisha kupanuka kupita asili yake, na fomu inayosema wazi "jina la baba" na "jina la babu" itaondoa ubishi wote.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo, twapendekeza yafuatayo:

1. Jina la mtu lisisanifishwe. "Mughanga" lisigeuzwe kuwa "Mganga", hata kama mwandishi anaona kwamba ni neno lile lile. Kazi ya kusanifisha lugha ni kazi ya maneno ya wote. Jina ni mali ya mtu.

2. Herufi gh ihifadhiwe. Serikali yenyewe imeihifadhi katika majina ya kata za mkoa huo, kama vile Ughandi, Misughaa, Lighwa, Minyughe, na Mughanga yenyewe. Karani awezaye kuandika "lugha" na "shughuli" hawezi kusema kwamba amekosa herufi.

3. Mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuandika jina la mtoto, amwombe mzazi cheti cha kuzaliwa au hati nyingine kabla ya kuandika. Asipokuwa na hati, mzazi atamkiwe jina herufi kwa herufi, akubali au akatae.

4. Katika orodha na faharasa, mtu wa jina lenye mpangilio zaidi ya mmoja aingizwe mahali pamoja, na mahali pengine pawekwe elekezo la kumtafuta hapo.

5. Mfasiri anayetaka kueleza maana ya jina atenganishe mambo mawili: maana ya neno, ambayo aweza kuithibitisha kwa lugha, na sababu ya jina, ambayo hana budi kuipata kwa wenyewe.

Mambo haya hayahitaji fedha wala sheria mpya. Yahitaji karani aliye tayari kuuliza swali moja zaidi kabla ya kuandika. Herufi moja iliyoachwa asubuhi moja ya uandikishaji yaweza kuwafanya ndugu watatu waonekane wageni wao kwa wao mbele ya hakimu. Na herufi hiyo hiyo, ikiandikwa, huwaacha wakae kama walivyozaliwa, watoto wa mzee mmoja.