Bunia: Mbele ya Noeli, wanafunzi wanahesabu kredi na kilometa

Desemba inapofika Bunia, mvua inapunguka, mavumbi yanarudi barabarani, na mazungumuzo ya kampasi yanabadilika. Wanafunzi hawaulizani tena siku ya kurudisha kazi za vikundi. Wanaulizana ni nani anaenda kula Noeli nyumbani, na atapitia wapi.

Ni vivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Bunia, kilichoanza kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, katika Chuo Kikuu Shalom, kilichotokana na shule ya teolojia, na pia ISP na ISTM. Kuna waliokwisha fanya mitihani, na kuna wale ambao mitihani inawangojea Januari. Wote wanasema miezi hii ilikuwa ya mbio.

Mbio hizo zina sababu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vya Kongo vilianza kuingia katika mfumo wa LMD, yaani Lisansi, Masta na Doktora. Zamani mwanafunzi alihesabu mwaka muzima. Leo anahesabu semestri. Semestri moja ni kredi 30, mwaka ni kredi 60, na Lisansi ya miaka 3 ni kredi 180. Kila kredi inadai saa 25, na sehemu ya saa hizo mwanafunzi anafanya kazi peke yake, bila mwalimu. Kwa semestri moja, hiyo ni saa 750.

Kazi ya peke yake inaomba umeme, vitabu ao intaneti. Kwa anayelala katika chumba cha kupanga, simu ndiyo maktaba, na inapozimika usiku, masomo yanasimama. Tena, profesa mgeni akifika kutoka Kisangani ao Kinshasa, kozi nzima inaweza kumalizika ndani ya siku chache, asubuhi hadi jioni.

Kisha kuna minervali. Familia nyingi za Ituri zinalipa masomo kwa mavuno ya shamba ao kwa ngombe. Vita ikifukuza wazazi shambani, tranchi ya minervali inakosa. Ndiyo maana wanafunzi wengine wanaendesha pikipiki nyuma ya masomo ao wanauza vitu vidogo sokoni.

Na hata aliyelipa yote bado ana swali la njia. Anayetoka Mahagi anapaswa kufuata barabara RN27, ambayo inakatisha eneo la Djugu, kunakotajwa mara nyingi mashambulizi ya CODECO. Anayetoka Mambasa anapita Komanda, upande ambako waasi wa ADF wameua watu wengi. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, lakini mbele ya kupanda gari, mzazi angali anapiga simu kuuliza kama njia ni salama. Mara nyingi ni yeye anayesema: baki huko, mwanangu, tutaonana wakati mwengine.

Kwa wengine, safari imekuwa fupi kwa namna ya kuhuzunisha. Wazazi walikimbia Djugu na wanaishi katika kambi ya Kigonze, pembeni ya mji. Mtoto anaenda kuwasalimia kwa miguu, na Noeli inaliwa chini ya hema.

Hata hivyo, LMD ina kanuni moja ambayo inawapa moyo: kredi iliyopatikana haipotei. Mwanafunzi akishindwa kozi moja, anarudilia ile moja, na zile alizopata zinabaki zake. Katika jimbo ambako familia inaweza kupoteza nyumba, ngombe na shamba kwa usiku mmoja, hilo si jambo dogo. Kredi 30 za semestri hakuna anayeweza kuzichoma moto wala kuzipora njiani.

Januari, madarasa yatajaa tena. Wenye walibaki Bunia watakuwa wa kwanza kufika.